Miezi saba ya kimya kwenye OVG kabla ya Nyiragongo kulipuka

Wakaaji wengi wa Goma wanakumbuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Karibu saa moja, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Watu wakabeba watoto na magodoro, wengine wakaelekea Gisenyi, wengine njia ya Sake. Ila yaliyotokea kabla, ndani ya OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma, hayasemwi sana.

OVG ilianzishwa mwaka 1986. Kazi yake ni kupima mitetemeko ya ardhi, joto na gesi za milima yetu. Mitambo mingi iko mbali, na vipimo vyake vinafika ofisini kwa njia ya intaneti. Msaada wa Benki ya Dunia ulipofika mwisho mwaka 2020, pesa ya kulipa intaneti ikakosekana. Kwa karibu miezi saba, wanasayansi hawakupata vipimo kama kawaida. Intaneti ilirudi mwezi wa nne 2021, kwa msaada kutoka Marekani. Wiki chache baadaye, mlima ukalipuka.

Msikilizaji anaweza kuuliza: intaneti na volkano, wapi na wapi? Nyiragongo hutikisika mara kwa mara. Mtetemeko mmoja peke yake hausemi kitu. Ni kama mama anayeshika mtoto kwenye paji la uso: anajua kuna homa kwa sababu anajua mtoto alivyokuwa jana. Ukikosa jana ya miezi saba, utaijua homa kwa kulinganisha na nini?

Na shida hii haikuanza 2020. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, mitambo ya kupima mitetemeko iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa miwili tu, mmoja Katale, mwingine Bulengo. Ndiyo, Bulengo ileile ambayo familia nyingi zilizokimbia vita zinaijua kwa sababu ya kambi.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, hata kama unapunguza ukali wa habari. Wanasayansi waliochunguza mlipuko wa 2021 waliandika mwaka uliofuata kwamba mlima haukutoa dalili za wazi siku nyingi kabla. Ishara kwenye mitambo zilitangulia lava kwa dakika kama 40. Kwa hiyo anayesema "kama intaneti ingekuwapo, watu wote wangeokolewa" anapita kiasi. Lakini dakika 40 si bure kwa mtu wa Buhene mwenye mguu mbovu. Zinafaa tu kama kuna mtu ofisini anayeziona, na njia ya kumfikishia jirani habari. Jioni ile, wengi walijua kwa kuona moto.

Faida ya vipimo ilionekana siku zilizofuata. Lava ilikuwa imesimama karibu na uwanja wa ndege, ila ardhi iliendelea kutikisika na barabara zikapasuka. Mitambo pamoja na picha za setelaiti vilionyesha kwamba moto wa chini umesogea kusini, chini ya mji na chini ya ziwa Kivu, ziwa lenye gesi nyingi. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe. Watu karibu 400,000 wakatoka. Waliolala makanisani na shuleni kule Sake na Minova walilalamika sana, na walikuwa na haki: maji hayakutosha, chakula vilevile. Warudi lini? Jibu lilitegemea mitetemeko kupungua, na kupungua huko kulihesabiwa kwenye mitambo ileile. Kurudi kukaanza tarehe 7 mwezi wa sita.

Kama waya ule haungerudishwa mwezi wa nne, sijui nani angehesabu.