Amana ya Mwamuzi: Jinsi Idhini ya Dola Ilivyoingia Ulingoni

Tarehe 16 Agosti mwaka 1743, Jack Broughton, bingwa wa masumbwi wa Uingereza aliyekuwa na jumba lake la mapigano karibu na barabara ya Oxford mjini London, alitangaza kanuni saba ambazo mabwana waliozoea kuja kutazama na kuweka dau walizikubali kuwa sheria ya jumba hilo. Na miongoni mwa kanuni hizo ilikuwamo moja iliyoamuru kwamba wapiganaji wakishapanda jukwaani wachague waamuzi wawili kutoka katika waungwana waliohudhuria, na waamuzi hao wakihitilafiana wamteue wa tatu akate shauri. Wasimulizi wa zamani hunena kwamba kilichomsukuma Broughton kuandika kanuni zile ni mauti ya George Stevenson, aliyepigana naye na kufariki kwa majeraha, na ya kuwa majuto hayakumwachilia mshindi. Huenda ndivyo, lakini tusisahau pia kwamba penye dau kubwa pana ugomvi mkubwa, na kwamba mwenye jumba hakosi kutamani ugomvi huo uishe kabla ya viti vyake kuvunjwa.

Waamuzi wale hawakuapishwa, hawakulipwa ujira, wala hawakuulizwa cheti. Sifa yao ilikuwa uungwana tu, na muungwana wa zama zile hakuona aibu kuhukumu pigano ambalo yeye mwenyewe ameliwekea fedha. Mwaka 1750 Broughton alipigwa na Jack Slack, macho yakavimba asiweze kuona, na mfadhili wake, Mtawala wa Cumberland, mwana wa mfalme, akapoteza mali nyingi, akakasirika, akaondoa himaya yake, na jumba likafungwa. Sheria iliyotegemea hisani ya mkubwa mmoja ikawa imepoteza makao siku ambayo mkubwa huyo aliingia hasara.

Kanuni zilizofuata zilitungwa mwaka 1838, mwaka uleule ambao Owen Swift alimpiga mpinzani wake hata akafa. Nitazipita upesi, kwa maana raundi bado ilikwisha mtu anapoanguka, na waamuzi bado walikuwa watu wa pande mbili zinazoshindana. Kanuni za mwaka 1867, zilizobeba jina la Marquess wa Queensberry ingawa mwandishi wake hasa alikuwa John Graham Chambers, ndizo zilizozaa cheo kipya: zilipoamuru raundi ya dakika tatu, mapumziko ya dakika moja, na sekunde kumi kwa aliyeangushwa ili ainuke, ilibidi awepo mtu asiye na kazi nyingine ila kutazama saa, na tangu hapo mshika saa akawa mshirika wa hukumu, kwa kuwa sekunde moja aliyoiongeza au kuipunguza ingeweza kumpokonya mtu ubingwa.

Lakini haikuyumkinika kumpa idhini mtu huyo wala mwamuzi, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haramu mbele ya serikali. Mwaka 1882 mahakimu wa Uingereza, wakitoa hukumu juu ya pigano lililofanyika karibu na Ascot mwaka uliotangulia, walithibitisha kwamba kupigana kwa zawadi ni kosa la jinai hata kama wapiganaji wote wawili wameridhia. Na penye jinai, anayesimamia utaratibu ni mshirika wa mkosaji. Marekani mambo hayakuwa mema zaidi. Tarehe 2 Desemba 1896, mjini San Francisco, Bob Fitzsimmons alipopangiwa kupigana na Tom Sharkey na pande mbili zikashindwa kuafikiana juu ya mwamuzi, aliletwa dakika za mwisho Wyatt Earp, yule askari mashuhuri wa miji ya magharibi, ambaye alipanda ulingoni na bastola ndani ya koti hata ikambidi afisa wa polisi aichukue mbele ya hadhara yote. Katika raundi ya nane Fitzsimmons alimwangusha Sharkey. Earp akasema konde limepigwa chini ya mkanda, akampa ushindi aliyelala sakafuni, na ukumbi ukajaa minong'ono ya hongo. Fitzsimmons alikwenda mahakamani, nayo mahakama ikakataa kuamua nani mshindi, maadamu pigano lenyewe lilikuwa kinyume cha sheria. Dhulma kama ilikuwapo haikuwa na pa kushtakiwa, wala Earp hakuwa na idhini ambayo mtu angeweza kumnyang'anya. Alichopata ni faini ya kubeba silaha.

Njia ilifunguliwa na kifo kingine. Klabu ya michezo iliyoitwa National Sporting Club, iliyoanzishwa London mwaka 1891, ilikuwa na adabu ya ajabu: watazamaji walikatazwa kupiga kelele raundi ikiendelea, na mwamuzi alikaa nje ya kamba akitoa amri zake kutoka kitini. Mwezi wa Aprili 1901 bondia aliyejulikana kwa jina la Billy Smith alifariki baada ya kupigana hapo na Jack Roberts, na serikali ikawashtaki kwa kosa la kuua si Roberts peke yake, bali pamoja naye meneja wa klabu, mwamuzi, mshika saa na wasaidizi wa kona. Wote waliachiliwa, baada ya baraza la wazee wa mahakama kuridhika kwamba lile lilikuwa shindano la mchezo lenye kanuni zake wala si vita vya kuuana. Mimi naona kwamba ofisi ya msimamizi wa masumbwi ilizaliwa kizimbani pale, kwa kuwa kilichowaokoa washtakiwa ni kule kuonekana kwamba walikuwapo watu waliowekwa makusudi kuzuia ukatili.

Dola ya New York ilifika kwenye jambo hilo kwa kupitia upuuzi. Sheria yake ya mwaka 1911 iliruhusu mapigano ya raundi kumi lakini ikakataza kutangaza mshindi endapo wote wawili wamebaki wima, kwa dhana kwamba pasipo mshindi hapatakuwapo kamari. Wacheza kamari walipata dawa usiku uleule: wakaafikiana kufuata hukumu ya waandishi wa magazeti, na hivyo mwandishi wa habari, asiyekula kiapo mbele ya mtu yeyote, akageuka kadhi wa fedha za watu, akasakamwa na marafiki wapya wenye ukarimu usioelezeka. Sheria ile ilifutwa mwaka 1917. Mwaka 1920, kwa juhudi za James J. Walker katika baraza la senati la dola hiyo na kwa saini ya Gavana Al Smith, ikapitishwa sheria iliyokuja kuigwa na dola nyingi: kamisheni ya serikali, raundi kumi na tano, hukumu ya majaji wawili pamoja na mwamuzi, tabibu wa kuwapima mabondia, na leseni kwa kila mwenye shughuli, kuanzia bondia, meneja na promota hadi mwamuzi, jaji na yule anayeshika ndoo na sifongo konani. Nguvu ya leseni hiyo ilikuwa katika uwezekano wa kuondolewa, maana mtu anayeogopa kupoteza riziki yake ya kesho huwa mgumu kidogo kununuliwa leo.

Uingereza ilichagua njia yake, na bodi iliyoundwa mwaka 1929 ikashika kazi hiyo pasipo kuwa idara ya serikali.

Leseni haikuondoa utata. Tarehe 22 Septemba 1927, mjini Chicago, Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba, kisha akasimama karibu naye badala ya kwenda kona ya mbali kama kanuni ilivyotaka. Mwamuzi Dave Barry akakataa kuhesabu mpaka Dempsey alipoondoka, na ingawa mshika saa alikuwa amekwisha anza hesabu yake, Barry alianza tena na moja. Tunney alipata kama sekunde kumi na nne, akainuka, akashinda kwa pointi. Barry alitii kanuni, lakini watu wanabishana hata leo. Miaka 47 baadaye, Zack Clayton alipomhesabia George Foreman mjini Kinshasa katika pigano na Muhammad Ali, malalamiko yakageuka upande wa pili, kwamba hesabu ilikuwa ya haraka mno.

Anayetaka kuelewa uzito wa kazi hii amtazame Ruby Goldstein wa New York, aliyekuwa bondia kabla ya kuwa mwamuzi. Mwaka 1947 Joe Louis alipopigana na Jersey Joe Walcott, majaji wawili walimpa Louis ushindi, na Goldstein peke yake, aliyekuwa karibu nao kuliko wote, akampa Walcott. Mwezi wa Juni 1952, katika pigano la Joey Maxim na Sugar Ray Robinson uwanjani Yankee Stadium, joto lilimshinda Goldstein kabla ya kuwashinda mabondia, ikabidi mwamuzi mwingine aingie mahali pake. Kisha ikaja tarehe 24 Machi 1962. Emile Griffith alimbana Benny Paret konani katika raundi ya kumi na mbili, akampiga makonde mfululizo huku kamba zikimzuia asianguke, na Goldstein akachelewa kuingia kati. Paret alifariki tarehe 3 Aprili. Uchunguzi ulimwondolea mwamuzi lawama, lakini mamilioni walikuwa wameona kwa televisheni, na tangu siku hiyo imekuwa wajibu wa kwanza wa mwamuzi, mbele ya hesabu na mbele ya pointi, kujua ni saa ngapi mtu ameacha kujilinda.

Wapo pia watumishi ambao hadhira haiwatambui. Mkaguzi hukaa katika chumba cha kuvalia, hutazama bandeji zikifungwa mkononi, hutia saini juu yake, wala hamwachi bondia hata kengele ya kwanza. Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika mwezi wa Juni 1983 huko Madison Square Garden, wakati baba yake Billy Collins, ambaye uso wa mwanawe ulikuwa umeharibiwa, aliposhika mkono wa Luis Resto baada ya pigano na kuhisi kwamba glovu imepungua. Sufi ilikuwa imetolewa ndani. Resto alipoteza leseni, matokeo yakafutwa, na mwaka 1986 yeye na mkufunzi wake wakatiwa hatiani mahakamani.

Juu ya idadi ya wahukumu, Waingereza walishikilia kwa muda mrefu mwamuzi mmoja tu mwenye kuandika pointi, hata mwaka 1971 Harry Gibbs akampa Joe Bugner ushindi juu ya Henry Cooper kwa robo pointi, na taifa zima likamkasirikia mtu mmoja. Mimi ni wa upande wa majaji watatu, ila nakiri kwamba watatu nao hukosa pamoja: mwezi wa Machi 1999 Lennox Lewis na Evander Holyfield walitangaziwa sare huko New York, hukumu iliyowashangaza takriban wote walioshuhudia, na uchunguzi ukaanza. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina la Muhammad Ali, ikiamuru kwamba waamuzi na majaji wote waidhinishwe na kamisheni husika, na kwamba kila mmoja atoe taarifa ya malipo yote atakayoyapokea kwa ajili ya pigano. Ujira wenyewe, hata hivyo, kamisheni huupanga tu. Mfuko unaoulipa, kwa desturi iliyobaki mpaka sasa, ni wa promota.