Soko la Hisa Likishuka, Doh Yako ya Sacco Kitui na Makueni Inaguswa? Rada Ndio Hii

Umeuza ndengu Mwingi ama maembe huko Wote na umeshika ngiri hamsini. Mathe anasema weka sacco. Beshte yako wa Nairobi anasema nunua hisa, bei imeshuka. Umsikize nani? Kabla ujibu, jua hizi vitu.

Soko kushuka ni nini?
Hisa ni kipande cha kampuni. Pale NSE Nairobi, bei inapanda wanunuzi wakiwa wengi na inashuka wauzaji wakiwa wengi. Watu wakishtuka, wote wanauza mara moja. Machi 13, 2020, siku Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha korona, soko liliporomoka hadi biashara ikasimamishwa kwa muda.

Lakini shika hii: bei ikishuka, hasara inabaki ya karatasi hadi uuze. Shida inakuja kama hiyo pesa ilikuwa ya fees, ama ya mkopo.

Somo la Safaricom, 2008
Serikali iliuza hisa za Safaricom Sh5 kila moja. Wakenya wengi walikopa benki ndio wasiachwe nyuma. Mapema 2009, bei ilikuwa chini ya Sh3. Piga hesabu: hisa za 50,000 zikifika Sh3 ni 30,000, na benki bado inadai 50,000 yake na riba juu. Waliouza kwa presha walichomeka. Waliotulia waliona bei ikipita Sh40 mwaka wa 2021, halafu ikarudi chini ya Sh15 mwishoni mwa 2023. Hakuna bei ya milele.

Benki
KCB, Equity na Co-op ziko Ukambani na pia ziko NSE. Hisa ya benki ikishuka, akaunti yako haipungui hata bob. Na benki ikianguka kabisa, shirika la KDIC linakulipa hadi Sh500,000. Ukiwa na zaidi ya hapo, unangoja mali ya benki iuzwe.

Sacco
Hapa una vitu mbili. Akiba ndio unakopea, mara nyingi hadi mara tatu yake, ukiwa na wadhamini. Hisa za sacco ni mtaji: ukitoka hurudishiwi, unamuuzia mwanachama mwingine. Hizi haziuzwi NSE, kwa hivyo bei haipandi wala kushuka kila siku.

Lakini usilale. Kinga ya KDIC haifiki sacco. Pia sacco huwekeza. Vyama vya ushirika ndio wenye hisa nyingi zaidi za Co-op Bank, kwa hivyo gawio la benki likipungua, gawio lako pia linaweza kupungua. Na hatari kubwa si soko, ni usimamizi. Sacco nyingi ziliweka pesa KUSCCO, halafu ukaguzi ukapata shimo la Sh13.3 bilioni.

Sasa ufanye nini?
1. Angalia kama sacco yako iko kwa orodha ya SASRA ya mwaka huu. Haipo? Uliza kwa nini kabla uweke doh.
2. Enda mkutano wa mwaka. Uliza pesa zetu zimewekwa wapi.
3. Pesa ya mbegu na fees ikae mahali unaweza kuitoa haraka. Kutoa akiba ya sacco huchukua kama siku 60.
4. Hisa nunua na pesa hutahitaji miaka mitano hivi, kupitia broka mwenye leseni ya CMA.
5. Usikope sacco ununue hisa. Soko likishuka na ushindwe kulipa, wadhamini wako ndio watakatwa. Na hao ni majirani, mtapatana tu sokoni.

Kwa hivyo mathe na beshte wote wako na point. Tofauti ni hiyo doh inangoja kazi gani. Mvua ikikosa Kitui, hakuna mtu atangoja NSE ipande ndio watoto wakule.

Wewe ngiri hamsini yako ungeipeleka wapi?