Nyanya, rehani na jibini: historia ya sahani moja ya futari



Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikiingia tunajua meza itakuwa na nini: tende, maji, sambusa, bajia na uji. Haya ni mazuri na hakuna anayeyakataa. Lakini mwaka huu tungependa kuongeza kitu kidogo kwenye sinia, nacho ni kitafunio cha nyanya mbichi, majani ya rehani na jibini laini nyeupe. Waitaliano hukila kabla ya chakula chenyewe, na jibini wanayotumia inaitwa mozzarella.

Najua kuna mtu tayari anacheka. "Hagadera na mozzarella wapi na wapi?" Swali lake ni la haki, na jibu lake limo ndani ya historia. Tukivifuata vitu hivi vitatu kimoja kimoja tutaona kwamba hakuna ambacho ni mali ya taifa moja, na kwamba majina yake tunayo midomoni mwetu zamani. Tutaona pia kwa nini nyanya mbichi, ambayo mtu wa mjini huila bila hata kuifikiria, imekuwa jambo zito kwa watu wa kambini.

Nyanya haikuanzia Italia

Tuanze na nyanya, kwa sababu wengi hudhani ni tunda la Waitaliano tangu kuumbwa dunia. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini upande wa milima ya Andes, na waliolizoea sana kwa kulilima na kulipika ni watu wa Mexico. Wao waliita tomatl. Wahispania waliiteka Mexico mwaka 1521, na baada ya hapo mbegu zikavuka bahari hadi Ulaya.

Huko Italia daktari mmoja, Pietro Andrea Mattioli, aliliandika tunda hili mwaka 1544. Baadaye likaitwa pomodoro, yaani tofaa la dhahabu. Hata hivyo, watu waliliogopa. Wengi walilitazama kama pambo la bustani, na wengine walidhani lina sumu. Kitabu cha mapishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa Naples katika miaka ya 1690, ndicho cha kwanza kinachojulikana kule kuwa na mapishi ya nyanya, na mwenyewe aliyaita mapishi ya Kihispania. Kwa hiyo Waitaliano walikaa zaidi ya miaka mia moja na nyanya bila kuipa nafasi kubwa jikoni.

Sisi je? Kwa Kiswahili ni nyanya, na baadhi ya watu wa pwani huiita tungule. Kwa Kisomali ni yaanyo. Hebu yatamke majina hayo mawili, nyanya na yaanyo, moja baada ya jingine, usikilize yanavyofanana. Mtu anayesema kwamba nyanya ni ya wazungu anasahau kuwa wazungu nao waliletewa.

Rehani tunaijua toka chuoni

Kijana aliyepita madrasa hahitaji kufundishwa neno rehani. Limo katika Suratur-Rahman, aya ya 12, na katika Suratul-Waaqi'a, aya ya 89. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza mtu akipewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Neno rayhan katika Kiarabu ni pana, linaweza kumaanisha mmea wowote wenye harufu nzuri. Ibnul-Qayyim ameeleza kwamba watu wa Maghrib walipotaja rayhan walikusudia mmea mwingine, unaoitwa aas, hali watu wa Iraq na Sham walikusudia habaq, mmea wa jamii ya rehani yetu. Kwa hiyo tusiharakishe kusema kuwa kila palipotajwa rayhan ni jani hili hili.

Mmea wenyewe asili yake ni nchi za joto za Asia, na India wameufahamu tangu kale. Pwani ya Uswahilini rehani huchanganywa na asmini katika vikuba vya harusi. Wasomali huiita reexaan. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea kuinusa zaidi kuliko kuila. Hata ile hadithi mashuhuri ya Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), inayowapigia mfano wasomaji wa Qur'an, imemfananisha mnafiki anayesoma na rehani: harufu yake nzuri na ladha yake chungu. Waitaliano wao walichagua aina isiyo chungu sana, wakaitia kwenye chakula. Jani ni lile lile la ukoo mmoja, tofauti ni matumizi.

Jibini na maziwa ya ngamia

Mozzarella inatoka kusini mwa Italia, sehemu za Campania karibu na Naples. Ile ya asili hutengenezwa kwa maziwa ya nyati wa majini, wanyama ambao walianza kufugwa Asia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano la kukata, kwa sababu mtengenezaji hulivuta donge la moto kisha akalikata kwa mkono vipande vipande. Ukiweka jibini hiyo na nyanya na rehani unapata rangi tatu za bendera ya Italia. Sahani hiyo imepewa jina la kisiwa cha Capri.

Je, jibini ni ngeni katika Uislamu? Hapana. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jibini huko Tabuk, akaomba kisu, akataja jina la Allah, akaikata. Safari ya Tabuk ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, sawa na mwaka 630.

Lakini wafugaji wetu hawakuwa na mazoea ya jibini, na sababu yake si uvivu. Jibini nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Maziwa ya ng'ombe na mbuzi huganda vizuri kwa kimeng'enya hicho. Maziwa ya ngamia yana upungufu wa ile protini inayofanya donge likamate, kwa hiyo hutoa donge laini linalovunjika. Wazee wetu wakatafuta njia nyingine za kuhifadhi maziwa jangwani: ya ngamia wakayachachusha yakawa suusac, na ya ng'ombe na mbuzi wakayasukasuka wakapata samli, yaani subag. Hiyo nayo ni elimu, wala haikuandikwa kitabuni.

Kuhusu kimeng'enya chenyewe, wanachuoni walikhitilafiana kikiwa kimetoka kwa mnyama asiyechinjwa kisheria. Imam Abu Hanifa alikiona ni tohara. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, hayakukikubali. Siku hizi kuna jibini nyingi zinazogandishwa kwa vimeng'enya visivyotoka kwa mnyama, kwa hiyo ukinunua ya dukani soma karatasi yake, na ukiwa na shaka muulize sheikh wako. Njia nyepesi zaidi ni kutengeneza mwenyewe kwa ndimu, kama tutakavyoeleza chini.

Waitaliano walifikaje kwenye sufuria zetu?

Hapa ndipo historia inapotukaribia. Miji ya Banadir, yaani Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 Sultani aliikodisha kwa Italia, na mwaka 1905 Italia ikainunua moja kwa moja kwa pauni 144,000. Wenyeji wa miji hiyo hawakuulizwa. Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa sehemu ya Kenya ya Waingereza hadi mwaka 1925 ilipokabidhiwa kwa Italia. Mpaka ukasogezwa, na jamaa waliokuwa chini ya serikali moja wakajikuta chini ya serikali mbili.

Waingereza waliwafukuza Waitaliano vitani mwaka 1941. Italia ikarudi tena mwaka 1950, safari hii kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1960. Katika miaka hiyo yote chakula chao kiliingia mijini na kikabaki. Pasta ikawa baasto, mchuzi wake wa nyanya ukawa suugo, na jibini, ambayo kwao ni formaggio, ikawa farmaajo. Neno hilo la mwisho dunia nzima imelisikia, kwani ndilo jina la utani la Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia mwaka 2017 hadi 2022.

Leo baasto inapikwa Hagadera, Garissa na Eastleigh, na ndizi mbivu kando yake, jambo ambalo Mwitaliano akiliona atashangaa. Hakuna anayeiita chakula cha wazungu. Mkoloni alikuja kwa nguvu na hatumshukuru kwa hilo, lakini mama zetu walichukua walichokipenda, wakakitia hiliki na bizari, kikawa chao.

Hagadera na kilo ya nyanya

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 watu walivuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Ifo ilianzishwa mwaka huo, na Hagadera na Dagahaley zikafuata mwaka 1992. Kambi hizi tatu zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000, lakini idadi hiyo ilipitwa mara nyingi.

Mgao uliotolewa kwa miaka mingi ulikuwa nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Angalia vizuri orodha hiyo: hakuna kitu kibichi hata kimoja. Na jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1980, kwenye kambi za wakimbizi za Somalia, Ethiopia na Sudan, ugonjwa wa kiseyeye ulizuka miongoni mwa watu waliokuwa wakipokea chakula kila mwezi. Kiseyeye ni ugonjwa wa kukosa vitamini C: fizi hutoka damu, viungo huuma, mtu hushindwa kutembea. Tumbo lilikuwa na kitu, mwili ulikuwa na njaa. Nyanya mbichi, ndimu na majani mabichi ndiyo kinga yake.

Ndiyo sababu kina mama wa kambini walikuwa wakiuza sehemu ya mahindi ya mgao ili wanunue nyanya, maziwa na baasto. Watu wa nje waliona wakimbizi wanauza msaada. Mama mwenyewe alijua anachokifanya. Miongoni mwa waliokuja kutoka bonde la Juba walikuwamo wakulima hodari, wakiwemo wale wa asili ya Wazigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Watu kama hao waliijua ardhi, ila huku hawakuwa na ardhi wala maji ya kutosha. Katika miaka ya 2000 zilianza bustani za magunia: gunia linajazwa udongo na mbolea, katikati mawe ya kupitishia maji, na miche inapandwa juu na ubavuni. Maji yaliyooshea vyombo yanatosha kulinywesha.

Nyingine huja kwa lori kutoka mashamba ya Mto Tana karibu na Garissa na kutoka bara. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipokata barabara, soko nalo lilikatika. Mwaka 2016 ulianza mpango wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu na familia ikajichagulia dukani. Mama akapata uwezo wa kununua nyanya bila kuuza mahindi kwanza. Lakini mwaka 2025 msaada ulipunguzwa sana kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyumba ni kile kibichi. Kwa hiyo ukiona jirani ameweka nyanya kwenye futari, ujue amefikiria.

Namna ya kuandaa nyumbani

Chukua lita mbili za maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi. Ya ngamia yaache kwa chai. Yachemshe, yakifura epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, kama vijiko vitatu au vinne vya chakula. Yatakatika: donge jeupe litajitenga na maji ya kijani. Mimina kwenye kitambaa safi, suuza kwa maji baridi, tia chumvi, funga na ugandamize kwa kitu kizito kwa saa moja. Hii si mozzarella kamili, maana haivutiki, lakini ni jibini safi, laini, na haina kimeng'enya cha mnyama. Yale maji usiyamwage, yafaa kukandia unga wa chapati.

Kata nyanya zilizoiva lakini ngumu. Kata jibini vipande vya ukubwa sawa. Panga kipande cha nyanya, kipande cha jibini na jani moja la rehani, au uvitunge kwenye kijiti. Rehani ya kwetu ina harufu kali, kwa hiyo jani dogo latosha. Nyunyiza chumvi na mafuta kidogo: ya zeituni ukijaaliwa, ya simsim pia yanapendeza. Ukikosa mkate, weka juu ya vipande vya canjeero. Andaa karibu na Maghrib na uile siku hiyo hiyo, kwani kwa joto la huku jibini mbichi haingoji kesho. Kama pesa haitoshi kwa maziwa, nyanya, rehani na ndimu peke yake ni kitafunio kamili, na kinga ya kiseyeye imo humo.

Fungua kwanza kwa tende na maji, kisha hiki, kisha swala. Na ukitengeneza, tenga sahani ndogo umpelekee jirani ambaye mwezi huu mgao wake umekwisha mapema.

Allah atutakabalie saumu zetu, awape wepesi walio kambini na awarudishe makwao kwa heshima wanaotaka kurudi. Amin.

Wabillahi tawfiq.