Karasha, sindano na masikio ya mchimbaji

Kwenye makarasha ya Kahama watu huongea kwa mikono. Gololi za chuma zinasaga mawe ndani ya pipa linalozunguka, na aliyekaa hapo miaka kadhaa anapaza sauti hata akiwa nyumbani anakula.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskoti, aliwapima mafundi boila 100. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Kosa lao lilikuwa kugonga chuma kila siku, basi.

Sauti ikizuiwa njiani na nta, usaha au kiwambo cha sikio kilichotoboka, mara nyingi inarekebishika: nta inatolewa, usaha unatibiwa, kiwambo kinazibwa kwa upasuaji. Kelele hufanya jambo jingine. Inaua seli zenye vinyweleo ndani ya koklea, yaani sikio la ndani, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena.

Seli hizohizo zilipata adui wa pili kupitia sindano. Vumbi la mwamba humweka mchimbaji karibu na kifua kikuu, na streptomaisini, iliyogunduliwa 1943, ndiyo dawa ya kwanza iliyokitibu kweli. Iliokoa maisha ya wengi, wengine ikawaachia uziwi au kizunguzungu. Ndugu yake, kanamaisini, iliendelea kutumika kwa kifua kikuu sugu hadi 2018, Shirika la Afya Duniani lilipoacha kuipendekeza. Mchimbaji aliyechomwa sindano hizo kisha akarudi karashani alipigwa mara mbili palepale.

Juni 2017 Muhimbili walipandikiza vifaa vya usikivu kwa mara ya kwanza nchini; kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Ni hatua kubwa, lakini (niwe mkweli) si jibu la mtu wa karasha. Upandikizaji ni wa uziwi mkubwa, hasa wa watoto. Yeye hupoteza kwanza sauti nyembamba: herufi 's' na 'f', sauti ya mtoto. Anahitaji shimesikio, kifaa kinachokuza sauti bila kufufua seli.

Na pamba anayojisokotea masikioni inazuia kelele kidogo mno. Vizibo vya sponji ni bora zaidi. Kipimo hakihitaji mashine: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye hatua moja tu mbele yako, huenda tayari mmevuka desibeli 85.