Fizi–Baraka: Masanduku ya risasi yaliyovuka ziwa mwaka 1965, na bunduki zilizoyakataa

Katika mwaka 1965, boti zilizotoka Kigoma usiku zilikuwa zikiteremsha masanduku kwenye ufuko wa Kibamba, kusini ya Baraka. Ndani mlikuwa silaha na risasi za Urusi na China, zilizofika Dar es Salaam kwa meli na kupanda gari la moshi hadi ziwani. Ukihesabu masanduku tu, wapiganaji wa Simba hawakuwa maskini. Lakini mtu mmoja aliyekuwa akichungulia ndani yake, mganga wa kizungu aliyeitwa Tatu kambini, aliacha maandishi yenye orodha ya kusikitisha: mizinga na rashasha zilizofika bila risasi au zikiwa zimepungukiwa vipande vya lazima, bunduki zilizofika pamoja na risasi za bunduki nyingine, mabomu ya kutegwa ardhini yasiyo na viwashio. Kwake yeye, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya shehena za Kigoma.

Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Alivuka ziwa tarehe 24 mwezi wa nne, akiwa na kikundi kidogo cha Wacuba waliopewa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na yeye mkubwa wao akajificha nyuma ya namba tatu. Habari za safari yake Fizi zimesimuliwa mara nyingi, za siasa hasa: nani alikuja, nani hakuja, Kabila alikaa siku ngapi. Suala la bunduki kupewa risasi isiyo yake watu wengi hulipita haraka. Lakini linaeleza mengi kuhusu yaliyowapata watu wa mwambao huu.

Ili kulielewa, ni vizuri kuanza mbali na vita, kwa wale wanaopiga shabaha kama mchezo. Wao hutumia risasi ndogo inayoitwa kalibri 22, iliyoanza kuuzwa Marekani katika umbo lake la leo mwaka 1887. Risasi hiyo haina fataki katikati ya kitako chake. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka pande zote, na nyundo ya bunduki hugonga ukingo huo. Katika michezo ya Olimpiki mlengaji husimama mita 50 kutoka kwenye shabaha, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, chini ya ukucha wa kidole gumba. Kwa kazi kama hiyo, mtu haendi dukani kununua boksi lolote. Huchukua risasi za viwanda mbalimbali, hata za kiwanda kimoja lakini zenye namba tofauti za toleo. Huifunga bunduki isitikisike, hupiga kumi za aina moja kwenye karatasi, kisha kumi za aina nyingine, na kupima matundu yamekusanyika wapi. Risasi iliyokuwa nzuri katika bunduki ya jirani inaweza kutawanyika katika yake.

Sababu zake si uchawi. Ikiwa dawa ya ukingoni imejaa upande mmoja kuliko mwingine, kila risasi huwaka kwa namna yake. Ikiwa mwendo unatofautiana, nyingine itagonga juu na nyingine chini. Ndiyo maana walengaji wengi wanapenda risasi ya polepole, isiyofikia mwendo wa sauti, kwa kuwa ile inayoanza juu ya mwendo huo kisha ikashuka chini yake njiani hutikiswa. Na bei haimalizi ubishi. Mtu huleta risasi, na bunduki ndiyo inayochagua.

Risasi za vita ni kubwa zaidi, na fataki yake iko katikati ya kitako, lakini hazikwepi sheria hiyo, tena adhabu yake ni kali kuliko kupoteza alama. Mfano wa karibu ni namba inayojulikana na kila kijana wa Kivu: 7.62. Ni upana wa ndani ya mtutu kwa milimita. Lakini bunduki za FAL, zilizotengenezwa Ubelgiji na kutumiwa na jeshi la serikali pamoja na mamluki wake, zinakula 7.62 yenye ganda la milimita 51. Kalashnikov na SKS, za Urusi au za nakala ya China, zinakula 7.62 yenye ganda la 39. Bunduki za zamani za Warusi, na rashasha zao nzito, zinakula 7.62 yenye ganda la 54 na mdomo wa nje kitakoni. Ni namba moja na maganda matatu, na hakuna linaloingia sawasawa katika chumba cha mwenzake. Karani wa bohari anayesoma namba ya kwanza peke yake anaweza kupeleka kilo mia za chuma kisicho na faida, na karatasi zake zikaonekana safi.

Tena hii haikuwa mara ya kwanza kwa eneo la ziwa kupata baruti nyingi na shabaha kidogo. Richard Burton na John Speke walipopita Ubwari mwaka 1858 wakielekea Uvira, biashara ya bunduki ilikuwa inafuata njia ya pembe na ya watumwa. Baadaye Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza wa Ujiji, alitawala sehemu kubwa ya kaskazini ya ziwa kwa watu wenye gobori. Gobori mtutu wake ni laini ndani. Hushindiliwa baruti na gololi kwa mdomo, na gololi ikitoka hakuna kinachoizungusha ili ishike njia. Kwa karibu inaua. Kwa mbali ni kelele na moshi.

Kisha wakubwa wa Ulaya wakaiandika tofauti hiyo kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 mwezi wa saba 1890, ambao watu hukumbuka kwa kupiga vita utumwa, ulikataza kuingiza bunduki na risasi katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Tanganyika yote imo humo. Gobori na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango, kwa kibali cha serikali. Zilizozuiwa kwa ukali zaidi ni bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, ile inayozungusha risasi na kuipeleka panapolengwa. Ni kweli kwamba sheria hiyo iliwabana wauza watumwa. Iliwaachia pia wakoloni peke yao risasi inayofika.

Dola la Leopold lilijua thamani ya kila moja. Askari wa Force Publique walipewa bunduki ya Albini, inayopiga mara moja moja, na risasi zao zilihesabiwa. Katika sehemu za mpira za Equateur hesabu hiyo iligeuka unyama unaojulikana duniani: askari alitakiwa kuonyesha mkono wa mtu kuthibitisha kwamba hakuipoteza risasi yake. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilieleza hayo.

Hivyo uhuru ulipofika, na uasi wa Simba ulipolipuka mwaka 1964, vijana wengi walioshika bunduki ya kisasa kwa mara ya kwanza hawakuwa wamefundishwa na mtu. Walikuwa na dawa. Mganga aliwapaka maji ya majani na kuwatia alama usoni, na mpiganaji alikuwa na masharti: asiguse kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Akivunja moja, kinga imekwisha. Kilio chao kilikuwa Mai Mulele, na ndiko lilikotoka jina la Mayi-Mayi linalotumika mpaka leo. Luteni Kanali Lambert, mmoja wa maofisa wa Simba, alimweleza Guevara kwa furaha kwamba risasi za ndege za adui humgonga mtu na kuanguka chini. Watu wa Tanganyika walipigana na Wajerumani kwa imani ya jamaa hiyo katika Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907.

Wengi hucheka hapo, na ni kicheko cha haraka mno. Imani hiyo iliweza kuishi kwa sababu pande zote zilikuwa zinakosa. Askari wa serikali aliyetishwa na sifa ya Simba alifyatua ovyo na kukimbia, kwa hiyo dawa ilionekana imefanya kazi. Ilipofika zamu ya Simba kulenga, tatizo lilikuwa lilelile. Guevara aliandika kwa uchungu kwamba wengi walibana kifyatulio mpaka risasi zikaisha, bila kulenga kitu. Bunduki inayopiga mfululizo humpandisha mpigaji mtutu wake juu. Ya kwanza labda huelekea kwa adui, zinazofuata huenda kwenye majani ya miti. Ukiongeza risasi zilizolala katika sanduku lililofunguka ufukoni, kwenye mvua na mchanga, utaona kwa nini shehena kubwa iliweza kuleta matokeo madogo.

Ufukoni ndiko mambo yalikoharibikia zaidi. Chakula na silaha vilirundikwa pamoja pale Kibamba, na kila aliyetaka kitu alichukua alichokifikia. Kambi ya juu, waliyoiita Luluabourg, ilihitaji kila sanduku lipandishwe mlimani kwa kichwa au kwa bega, na wapiganaji wengi walikataa mzigo wakisema wao si malori. Mtu aliyefundishwa kuhesabu angezitenganisha zile namba tatu za maganda kwa asubuhi moja. Mtu huyo hakuwepo, au alikuwepo na hakusikilizwa. Leonard Mitoudidi, mkubwa aliyejaribu kuleta utaratibu hapo, alizama ziwani mwanzoni mwa mwezi wa sita.

Tarehe 29 mwezi huo ukaja mtihani wa Bendera, kwenye kituo cha umeme ambacho maandishi ya wakati ule yanakiita Front de Force. Dreke aliongoza shambulio, pamoja na Wanyarwanda na Wakongomani. Lilishindwa. Wengi walitawanyika baada ya milio ya kwanza, Wacuba wanne wakafa, na daftari lililokutwa juu ya maiti liliionyesha serikali kwamba Wacuba wako Fizi. Kuanzia hapo lawama zilizunguka. Dawa mbaya, mganga mbaya, wageni wenye mkosi. Guevara alikuwa ameogopa tangu mwanzo kwamba siku moja dawa itawageukia wao.

Baraka ilionyesha sura nyingine. Mwisho wa mwezi wa tisa, tarehe 27, mamluki wa Mike Hoare wa Commando ya Tano walishuka kutoka ziwani alfajiri. Walikuwa wamezoea kuwaona Simba wakija wima barabarani, wakiimba, wakianguka. Hapa walikuta watu wanaojificha, wanaorudi nyuma kwa mpango na kurudia shambulio, na Hoare mwenyewe aliandika baadaye kwamba upinzani wa Baraka haukufanana na ule wa mwanzo. Vita vya mji vilichukua siku kadhaa. Kwa hiyo si kweli kwamba vijana wa Fizi hawakuweza kujifunza. Walikuwa wamefundishwa miezi michache, kwa risasi za kubahatisha, na bado waliwazuia askari wa kulipwa wenye boti na ndege.

Lakini mji ulianguka, na Fizi ikafuata katika mwezi wa kumi. Wakaaji walikimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa. Risasi iliyokosa ina mahali inapoangukia: ukuta wa matofali mabichi, shamba la muhogo, mtumbwi wenye watoto. Katika mchezo wa shabaha, nyuma ya karatasi huwekwa kilima cha udongo cha kuzimeza zote. Nyuma ya shabaha za Baraka palikuwa na Baraka. Na zile zisizolipuka, kwa sababu ziliingizwa katika bunduki isiyo yake au ziliota kutu, hazifi kwa kuzeeka. Dawa ya fataki inaweza kukaa miaka mingi ndani ya ganda ikingoja jembe au moto wa takataka.

Mwezi wa 11 Tanzania iliwaarifu Wacuba kwamba msaada kwa njia yake unakoma. Usiku wa kuamkia tarehe 21, Guevara na watu wake walipanda boti kuelekea Kigoma, kwa njia ileile ya masanduku. Boti hazikutosha. Wakongomani waliokuwa wamepigana pamoja nao waliomba wapandishwe, na wengi waliachwa ufukoni. Siku tatu baadaye Mobutu alichukua nchi. Kabila alirudi katika milima ya Fizi, akaunda PRP mwaka 1967, na Hewa Bora ikawa makao yake. Mwaka 1996, wakati vita vilivyompeleka Kinshasa vilipopita hapa, familia za mwambao zilivuka tena kwenda ng'ambo, na mwezi wa 11 wa mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika mkoa wa Kigoma.