Mkoa uliokaa bila pamba

Malori ya shaba hungoja zamu yao Tunduma, mpakani mwa mkoa wetu wa Songwe na Zambia, mengine hulala hapo kabla ya kuvuka. Kuna msafiri mmoja ambaye hakutakiwa kuvuka kabisa: funza mwekundu wa pamba.

Makao yake ni Zambia, Malawi, Msumbiji na kwingineko kusini. Si kama funza mwenzake wa vitumba, anayehamia hata kwenye mahindi na nyanya. Huyu ni mchaguzi: hutaka pamba na jamaa zake wachache tu. Akishiba hujichimbia ardhini, akajifungia kwenye kijumba cha udongo kungoja msimu. Uchaguzi huo ndio udhaifu wake, maana akikosa pamba hana pa kwenda. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 kilimo cha pamba kikapigwa marufuku Nyanda za Juu Kusini, ili mashamba ya Mwanza na Shinyanga yasalimike. Songwe, iliyokuwa bado ndani ya Mbeya hadi 2016, ikawa sehemu ya ukuta huo.

Na si kwamba pamba ilikuwa ngeni huku. Kabla ya ukoloni, watu wa pande za Ziwa Rukwa, Wafipa hasa, waliisokota na kufuma nguo zao, hadi vitambaa vya madukani vilipowashinda.

Sisi tukisikia pamba tunawaza nyuzi. Lakini kati ya kilo 100 za pamba mbichi, zaidi ya 60 ni mbegu, na mbegu ina mafuta. Kanda ya Ziwa mafuta hayo yamekaangia samaki wengi, na mashudu yakalisha ng'ombe. Ila mbegu ina sumu yake, gosipoli. Ng'ombe mzima huihimili kwa kiasi. Nguruwe huugua, na kuku akila mashudu hayo kiini cha yai lake huweza kugeuka kijanikibichi. Ndiyo maana mafuta ghafi, meusimeusi, hayafai kumiminwa sufuriani kabla ya kusafishwa kiwandani kwa magadi makali. China, vijiji vilivyopikia mafuta yasiyosafishwa vilishangaa wanaume wao kukosa watoto. Baadaye madaktari wa huko wakaijaribu gosipoli kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume.

Marekani waliichangamkia mbegu ya pamba mapema. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble iliuza Crisco, mafuta mgando yaliyotokana na mbegu za pamba. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula ya huko ikaruhusu watu kula mbegu za pamba iliyopunguzwa sumu, kazi ya Keerti Rathore wa Chuo Kikuu cha Texas A&M.

Huku Songwe kikaango kina alizeti. Sitasema ni funza aliyeileta. Alizeti ina sababu zake, na mashine ndogo ya kijijini huikamua mkulima akiwa amesimama hapo na dumu lake, mashudu akarudi nayo kwa ng'ombe wake.