Kikomo, si kofia

Mtangazaji mmoja wa michezo, akizungumzia futiboli ya Kimarekani, alisema klabu "imefikia kofia ya mishahara", akitafsiri neno kwa neno "salary cap" ya Kiingereza. Kofia huvaliwa, haifikiwi. Neno tunalo: kikomo, kutokana na kitenzi koma, kilekile tunachomkemea nacho mtoto aliyepita mpaka: "Koma!"

Ila kemeo hilo hutoka kwa mtu mmoja. Kikomo cha mishahara cha NFL, ligi ya futiboli hiyo, hakikuamriwa na wenye klabu peke yao. Kilitokana na makubaliano ya mwaka 1993 kati yao na chama cha wachezaji, kikaanza kutumika 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4, kwa kuwa hupanda na mapato ya ligi, na wachezaji wana fungu lao humo.

Na makubaliano yenyewe tuyaiteje? Vyama vya wafanyakazi Tanzania vimekwisha kutujibu: mkataba wa hali bora. Nalipenda sana jina hili, maana linataja kile mfanyakazi anachokifuata mezani, si karatasi inayotiwa saini. Ndugu watangazaji, litumieni.